Programu ya kusimamia kurasa za biashara: soma hii kabla hujalipia

Wapambanaji wenzangu, swali hili linarudi kila mara: "Nitumie programu gani kusimamia Instagram, Facebook, TikTok na WhatsApp yangu kwa pamoja?" Wengi wanaouliza wameshaona tangazo la programu fulani, inalipiwa kwa dola kila mwezi, na mkono uko kwenye kadi tayari.

Subiri kidogo. Ukichagua vibaya unapoteza vitu viwili. Cha kwanza ni hela, na hiyo utaitafuta tena. Cha pili ni akaunti yenyewe, na hapo ndipo watu wanalia. Kwa sisi tusio na fremu Kariakoo, ile page ndiyo fremu, ndiyo stoo, ndiyo daftari la wateja. Ikipotea, umefunga duka.

Twende hatua kwa hatua.

1. Jua kwanza unaumwa wapi

Kazi ya mtandaoni ina sehemu tatu: kuposti, kujibu wateja, na kupima kinachouza. Programu nyingi zinazotangazwa ni za kuposti. Sasa wewe kama tatizo lako ni kujibu, utalipia dawa ya kichwa wakati unaumwa mguu.

Chukua daftari, fanya hivi kwa siku 7:

– Andika wateja wangapi wameuliza bidhaa na wametokea mtandao gani.
– Andika wangapi umechelewa kuwajibu zaidi ya saa moja, na kati yao wangapi hawakurudi.
– Andika umetumia muda gani kwa siku kupiga picha, kuandika maelezo na kuposti.

Siku ya saba kaa chini usome. Kama watu 40 wameuliza na 15 wameondoka bila kujibiwa, usihangaike na programu ya kuposti, utaleta watu wengine wa kuwaacha hewani. Kama unajibu vizuri ila kuposti kunakula saa tatu kila siku, hapo una sababu ya kutafuta programu ya kupanga posti. Na kama wateja wako karibu wote wanatoka WhatsApp, huna haja ya programu ya mitandao mitano.

2. Maliza kwanza vya bure ulivyonavyo

*WhatsApp Business.* Ipo tangu 2018 na ni bure. Wengi wameipakua ila wanaitumia kama WhatsApp ya kawaida, nembo tu ndiyo tofauti. Ndani yake kuna vitu vya kazi:

– Majibu ya haraka. Unaandika mara moja jibu la "bei ya kutuma Mwanza ni shilingi ngapi", unalipa jina fupi. Mteja akiuliza unabonyeza mkwaju, unaandika lile jina, jibu zima linakuja.
– Lebo. Mpe kila mteja lebo: ameuliza, amelipa, mzigo umetumwa, anadaiwa. Jioni unafungua lebo ya "amelipa" unaona nani hajatumiwa mzigo. Hii peke yake inaokoa ugomvi mwingi.
– Katalogi. Weka picha, bei na maelezo. Acha mtindo wa "bei njoo DM", mteja wa siku hizi hana muda huo. Anaona bei kwa jirani yako, ananunua kwa jirani yako.
– Ujumbe wa kujiendesha. Mteja akiandika saa sita usiku anajibiwa kwamba umefunga na utamjibu saa mbili asubuhi.

Pia unaweza kuunganisha namba moja kwenye vifaa vingine vinne zaidi ya simu yako. Maana yake msaidizi anajibu kwa kompyuta au simu nyingine, namba ni ileile. Simu kuu usiizime ukaisahau, ikikaa siku 14 bila kutumika, vile vifaa vingine vinatolewa.

Angalizo: namba moja haikai kwenye WhatsApp ya kawaida na WhatsApp Business kwa wakati mmoja. Kama unataka mambo ya familia yakae mbali na biashara, tafuta laini ya pili. Programu zote mbili zinakaa simu moja bila shida.

*Meta Business Suite.* Hii ni ya wenye Facebook na Instagram, ni ya bure, na inatoka kwa wenye mitandao hiyo wenyewe. Unaposti sehemu zote mbili kwa mara moja, unapanga posti za siku zijazo, na meseji za Messenger na DM za Instagram zinaingia sehemu moja pamoja na komenti. Kwa muuzaji wa kawaida anayetegemea mitandao hiyo miwili, hii inatosha kabisa.

*Instagram yenyewe.* Ukiwa na akaunti ya kitaalamu, unaweza kupanga posti ndani ya Instagram hadi siku 75 mbele, bila programu nyingine yoyote. Pia inakuonyesha wafuasi wako wanaingia saa ngapi na posti ipi imefika mbali. Jua tu kwamba ukichagua akaunti ya biashara, baadhi ya nyimbo kali za kuweka kwenye video hutazipata.

3. Ni lini utafute programu ya nje?

Tafuta ukiona haya mawili kwa pamoja: unaposti kwenye mitandao mitatu au zaidi, tena TikTok au mingine iliyo nje ya Facebook na Instagram ikiwemo; na kazi ya kuposti inakunyima muda wa kujibu wateja.

Buffer ina mpango wa bure: unaunganisha akaunti 3, na kila akaunti inaweza kuwa na posti 10 zinazosubiri zamu. Ukiposti mara moja kwa siku, hizo ni siku 10 umezipanga. Kwa anayeanza si haba.

Hootsuite ni ya siku nyingi na ina mambo mengi, ila mpango wake wa bure ulifutwa mwaka 2023. Imetengenezwa kwa makampuni yenye timu. Ukiwa peke yako na mabelo mawili ya mitumba, hiyo ni kununua lori la kubebea mfuko mmoja wa unga.

Kitu ambacho matangazo hayasemi sana: programu hizi za kupanga posti hazisimamii ile WhatsApp yako ya kwenye simu. Hazikuwekei stetasi, hazikujibii chati. Na kwetu huku, mteja anaona bidhaa Instagram lakini oda, lipa namba na maelekezo ya bodaboda vyote vinaishia WhatsApp. Kwa hiyo hata ukilipia, kazi kubwa inabaki palepale.

Kuna na WhatsApp ya makampuni, ile inayounganishwa na mifumo, wahudumu hata kumi wanajibu namba moja. Hiyo ina gharama za ujumbe na inahitaji mtu wa kuiunganisha. Kama meseji zako bado unazimudu kwa lebo na msaidizi mmoja, usiikimbilie.

4. Maswali matano kabla ya kutoa hela

1) *Inafanya kazi vizuri kwenye simu?* Nyingi zinaonekana nzuri kwenye kompyuta, ukija kwenye simu yenye nafasi ndogo zinagoma. Jaribu kwa simu yako, kwa bando lako.

2) *Inaingiaje kwenye akaunti yangu?* Programu halali inakupeleka kwenye ukurasa wa Facebook, Instagram au TikTok wenyewe, unaingia huko, unabonyeza kuruhusu. Ikikuomba uandike paswedi ya Instagram ndani yake, ifute.

3) *Inalipwaje?* Nyingi zinataka Visa au Mastercard na zinakata zenyewe kila mwezi. Kama unatumia kadi ya mtandaoni ya mtandao wako wa simu, weka kiasi cha mwezi huo tu. Halafu angalia mapema sehemu ya kusitisha iko wapi. Jaribio la bure linaloomba kadi lina siku yake ya kukata, iandike kwenye kalenda.

4) *Nikiacha kulipa nabaki na nini?* Posti ulizopanga zinafutwa? Ripoti unaweza kuzipakua?

5) *Itanirudishia hela?* Hapa piga hesabu ya kibiashara. Tuseme inalipiwa dola 15 kwa mwezi na dola ni shilingi 2,500. Hiyo ni 37,500. Kama faida yako kwa pea ya viatu ni 5,000, lazima uuze pea 8 za ziada kila mwezi, nje ya zile unazouza siku zote, ndipo uwe umerudisha gharama. Huzioni hizo pea 8? Baki na ya bure. Na bei hizi hubadilika, kwa hiyo angalia kwenye tovuti yao siku unayojiunga.

5. Hizi usiziguse

*WhatsApp za kienyeji*, zile za GB na ndugu zake. Wanazipendea rangi na kuona stetasi kimyakimya. WhatsApp haizitambui na inafungia namba zinazozitumia. Namba iliyo kwenye vipeperushi na kwenye mifuko yako yote, ikifungiwa utaanza na nani?

*Programu za kuongeza wafuasi* au kulaiki na kukomenti zenyewe. Mitandao inazikataza. Halafu wafuasi 10,000 wasionunua hawalipi kodi ya fremu.

*Anayekuomba namba za siri zinazokuja kwa SMS*, hata akijiita wakala wa programu. Zile tarakimu 6 ndiyo ufunguo wa duka. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye kila akaunti leo, si kesho.

6. Msaidizi apewe kazi, asipewe paswedi

Hapa ndipo page nyingi zinapopotelea. Dada wa kuposti anapewa paswedi, mwezi wa tatu mnakorofishana, anabadilisha namba ya simu na barua pepe ya akaunti, unabaki unaangalia page yako kama mgeni.

Meta Business Suite inakuruhusu kumuongeza mtu kwa akaunti yake mwenyewe na kuchagua afanye nini: kuposti, kujibu meseji au kuangalia takwimu. Udhibiti wote unabaki kwako. Siku akiondoka unamtoa, mambo yanaendelea. Kwenye WhatsApp, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa kila wiki, kifaa usichokijua kitoe.

Na kumbuka hao wateja wametoa majina, namba na mahali wanapoishi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Orodha ya wateja si ya kurushiana kwenye magrupu.

7. Kupanga posti kusikufanye ulale

Ukishapanga posti za wiki nzima, kila asubuhi zipitie kwa dakika tano. Dera limeisha jana, posti yake inatoka leo saa kumi, watu ishirini wanaulizia kitu ambacho hakipo. Hao wanaona wewe ni tapeli. Vilevile ukitokea msiba mkubwa wa kitaifa, simamisha matangazo ya vigelegele. Programu haijui kama watu wanalia.

Kingine, nakala ya wateja wako iwe pia nje ya mitandao. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zote zilizima kwa karibu saa sita, dunia nzima. Aliyekuwa na namba za wateja kwenye daftari alipiga simu na kutuma SMS, mizigo ikaenda. Kila Jumamosi hamisha majina, namba na oda kwenye daftari au faili.

Kwa kifupi, chagua hivi

– Unauza WhatsApp tu, uko peke yako: WhatsApp Business, lebo na majibu ya haraka. Gharama sifuri.
– Una Instagram na Facebook pia: ongeza Meta Business Suite. Gharama bado sifuri.
– Una mitandao mitatu au zaidi na posti kila siku: jaribu mpango wa bure wa Buffer kwa wiki mbili, ulinganishe na lile daftari la siku 7.
– Una wahudumu wawili na kuendelea, na hesabu ya pea 8 inakubali: hapo ndipo uanze kufikiria ya kulipia.

Ukibadilisha, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ndipo utajua kipi kimeleta wateja.

Sevu hii posti, mtumie mwenzako anayetaka kutoa paswedi leo. Na wewe, wiki yako ya daftari ikiisha, niandikie kwenye komenti: wateja wangapi waliuliza, na wangapi uliwaacha bila jibu? Tuanzie hapo.