Muze si fasi ya kunyamaza tu: namna mchezo unafungulia watoto na wazee vitu vya mababu

Kama umekwisha kuingia mu makumbusho, ile wengi kwetu tunaita muze, unajua vile mambo inapitaka. Unakuta vitu ndani ya kioo, na pembeni karatasi ndogo ya Kifaransa. Unaambiwa usiguse, usipige kelele. Kisha nusu saa umemaliza kuzunguka. Ukifika nyumbani wanakuuliza umeona nini, unajibu: «masanamu». Mambo imeishia pale.

Hapo njo shida iko. Vitu vingi vya mababu zetu havikutengenezwa juu ya kuangaliwa tu. Vilishikwa, vilichezwa, viliimbiwa, viliulizwa maulizo.

Tuchukue mfano wa karibu. Mu teritware za Mwenga na Shabunda, Kivu ya Kusini, na Pangi, Maniema, Walega walikuwa na chama kinachoitwa Bwami. Wanaume kwa wanawake walipanda ngazi moja kisha ingine, na ku kila ngazi walifundishwa namna ya kuwa mutu mwema. Ile masomo haikuwa ya kitabu. Mwalimu alitosha kitu mu kikapo: sanamu ndogo ya muti, ya mufupa ao ya pembe ya tembo. Alikionyesha kwa kucheza na kwa wimbo, akiunganisha na mezali. Mwanafunzi alipashwa kutafuta maana.

Kati ya zile sanamu kuna moja yenye sura nyingi, inaitwa Sakimatwematwe. Mezali yake inasema juu ya mutu mwenye vichwa vingi, aliyeona tembo ngambo ya pili ya mto mukubwa. Maana yake? Wanaoifasiria wanasema: mutu wa hekima anaangalia pande zote mbele ya kukata neno. Sasa weka ile sanamu ndani ya kioo na uandike «sanamu ya muti, Walega». Muti umebaki, somo limepotea.

Waluba nao wana lukasa, kibao kinachoshikwa mukononi, chenye shanga. Watunza-historia wa chama cha Mbudye walipitisha kidole juu ya zile shanga, huku wakieleza mambo ya wafalme na safari zao. Bila kidole na bila sauti, lukasa haisemi kitu.

Kwa hiyo, wakati watu wa muze wanasema leo «tulete mchezo», si jambo geni. Ni kurudisha namna ya kufundisha tuliyokuwa nayo.

Huko inje pia wameisha kuona faida yake. Mu 1969, Frank Oppenheimer, mwalimu wa fizikia, alifungua mu San Francisco, Marekani, muze inaitwa Exploratorium. Pale mgeni anashika, anazungusha, anajaribu mwenyewe. Haiko ya watoto peke: kila juma kuna magaribi moja iliyowekwa kwa watu wa miaka 18 kwenda juu. Na mu 2022, shirika la makumbusho ya dunia, ICOM, lilipoandika upya maana ya neno «makumbusho», liliweka furaha pamoja na elimu.

Sasa namna gani ya kufanya? Haiombi makuta mingi.

Ya kwanza, ulizo mbele ya jibu. Funika ile karatasi ya maelezo. Uliza wageni: «Huyu mutu iko na sura nyingi juu ya nini?» Kila mutu anajibu, hakuna anayechekwa. Mutoto atasema anaona adui nyuma. Mama atasema ni kama mzazi mwenye watoto wengi. Kisha njo unafungua maelezo. Mutu aliyetafuta jibu yeye mwenyewe halisahau mbio.

Ya pili, nakala. Kitu cha zamani hakiguswe na kila mutu, sababu jasho la mikono linakiharibu. Lakini fundi wa mbao anaweza kuchonga mufano wake. Ile mufano njo inapita mikononi, kila mutu anaitafutia mezali ya kwao.

Ya tatu, mchezo wenyewe. Weka ubao wa kisoro inje, chini ya muti. Huu mchezo wa matundu na mbegu unajulikana pande nyingi: Rwanda na Burundi wanaita igisoro, Uganda omweso, pwani ya Tanzania na Kenya bao. Kwa igisoro kuna mistari 4 ya matundu 8, na mbegu 64. Weka muzee upande moja na kijana upande ingine. Mu dakika kumi kijana atauliza: «Baba, wewe ulijifunzia wapi?» Hapo njo historia inaanza.

Angalieni kitu moja: ku ule ubao, muzee asiyesoma Kifaransa njo mwalimu. Mbele ya karatasi ya kioo alikuwa bubu. Mchezo unamurudishia fasi yake.

Lakini kucheza si kuchafua. Kuna vitu ambavyo wenyewe hawataki vionyeshwe kwa kila mutu, ao vinahusu wafu. Ni lazima kuuliza kwanza wazee na wenye mila, na wakikataa, ni kuheshimu.

Tunajua wengi watasema: «Muze iko mbali na sisi.» Ni kweli. Ile kubwa ya taifa, iliyofunguliwa 2019 kwa musaada wa Korea ya Kusini, iko Kinshasa. Ingine ya taifa iko Lubumbashi. Mu Bukavu, mapadri Wasaveriani walianzisha muze ya Kivu. Na vitu vingi vyetu viko Tervuren, Ubelgiji. Lakini ulizo, mufano na kisoro vinaweza kufanyika ku masomo, ku parokia, ao mu kiwanja cha nyumba, na kikapo cha bibi, kinu, ao ngoma.

Na haraka iko. Mu majimbo yetu watu wamekimbia vita mara na mara, na mutu anayekimbia habebi kinu. Wazee wanakufia mbali na kwao. Siku moja vile vitu vinaweza kurudi toka Ulaya. Vitatukuta na nani wa kutuambia vinasema nini?

Leo magaribi, kamata kitu kimoja cha zamani nyumbani, weka katikati ya watoto, uliza: «Hii ni nini?» Kisha acha muzee aseme wa mwisho.