Utelezi Ndani ya Bomba ni Nyumba ya Vijidudu

Tia kidole ndani ya mdomo wa bomba la zamani. Utasikia kitu kinateleza. Utelezi huo si tope tu. Ni utando uliojengwa na vijidudu viitwavyo bakteria.

Utando huu unaanzaje? Bakteria wachache hupita na maji, wakajishika kwenye ukuta wa bomba. Hapo hula uchafu mdogo mdogo uliomo majini, huzaana, na hutoa ute kama wa bamia. Ute huo ndio nyumba yao.

Wengi wao hawana madhara. Lakini vijidudu vya kuharisha navyo vinaweza kujificha humo. Siku utando ukibanduka, vinaingia ndooni, na mtoto anakunywa.

Utauliza, "Si tunatia dawa ya klorini?" Ndiyo, na ni lazima. Lakini klorini ikikuta ute mnene huishia juu juu. Bakteria wa ndani husalimika. Kwa hiyo tuzuie ute usijijenge.

Tufanyeje?

1. Tangi la kijiji lifunikwe. Lisuguliwe kwa brashi, na tope la chini litolewe. Tope hilo huwalisha bakteria.

2. Maji yaliyolala bombani huleta ute upesi. Fundi afungue koki ya mwisho wa bomba mara kwa mara, maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe meupe.

3. Bomba linalovuja lizibwe mara moja. Maji yakikatika, tundu hilo hilo hunyonya uchafu wa nje.

4. Klorini itiwe kila siku, si wakati wa ugonjwa tu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji yakifika mahali pa kuchotea yawe bado na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa kila lita. Kamati ya maji imwulize fundi: kipimo cha leo ni ngapi?

5. Nyumbani, dumu nalo huota ute. Tia maji ya sabuni na kokoto ndogo safi, funga, tikisa sana, kisha suuza. Ukichemsha maji halafu ukayatia katika dumu lenye ute, kuni zako zimepotea bure.

Tujadiliane:
Tangi letu lilioshwa lini?
Koki ya mwisho wa bomba iko wapi, na nani huifungua?
Nyumbani kwako, dumu la maji ya kunywa linateleza?