Fahamu: Masomo ya likizo yanamsaidiaje mtoto aliyekwama hesabu?

Likizo ndefu ya 2024, Rwanda iliwarudisha darasani wanafunzi wa darasa la kwanza hadi la tatu waliokwama. Mpango huo ulikuwa wa nchi nzima.

Masomo kama hayo yanafaa? Inategemea mwalimu anatafuta nini. Mtoto akiandika 52 − 27 = 35, hakubahatisha: katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa. Maswali mengine hamsini yatamzoesha kosa. Mpe vijiti vilivyofungwa kumi kumi, afungue fungu moja la kumi, apate 25.

Tena lugha: tangu uamuzi wa Desemba 2019, hesabu hufundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, nyumbani ni Kinyarwanda. Kabla ya kumwita mzito, muulize swali lilelile kwa Kinyarwanda.