Durban: Langalanga ilipita, Warwick ikabaki

Shabiki wa Langalanga hahitaji kuambiwa Max Verstappen ni nani: bingwa wa dunia mara nne mfululizo, kuanzia 2021 hadi 2024. Usiokumbukwa sana ni ushindi wa baba yake kwenye mwambao wa Bahari ya Hindi. Januari 2006, Max akiwa mtoto wa miaka minane, Jos Verstappen alishinda mbio kuu za Durban, Afrika Kusini, akiwa na gari la timu ya Uholanzi, katika barabara za mjini zilizogeuzwa uwanja kwa kuta za zege na wavu wa chuma.

Hazikuwa Formula 1. Ziliitwa A1 Grand Prix, na mwasisi wake alikuwa Sheikh Maktoum Hasher Maktoum Al Maktoum wa Dubai. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza: zishindane nchi, si viwanda, na zote zipewe gari la aina moja. Bodi ilitoka Lola, injini ya silinda nane na lita 3.4 ikatoka Zytek, nguvu za farasi zikiwa kama 520. Msimu ulipangwa wakati wa baridi ya Ulaya, Formula 1 ikiwa mapumzikoni. Kwa wazo hilo la nchi zenye gari la aina moja, Lebanon na Pakistan zikajikuta zimepanga foleni moja na Ufaransa na Uingereza.

Durban iliupenda mchezo huo, na si ajabu. Huu ni mji wenye mojawapo ya jamii kubwa kabisa za watu wa asili ya India nje ya India yenyewe, na michuano ilikuwa na gari la Afrika Kusini, la India na la Pakistan. Familia moja ingeweza kugawanyika mara tatu jukwaani bila mtu kununa. Jumapili kulikuwa na mbio mbili: fupi kwanza, kisha kuu, ambayo ililazimisha kila dereva kuingia kubadilisha matairi. Mji uliandaa wikendi hiyo mara tatu, 2006, 2007 na 2008, upande wa ufukweni.

Mashindano ya barabarani yana utamu ambao uwanja maalumu hauna. Sauti ya injini hugonga majengo ikarudi. Dereva akikosea hana nyasi za kumpokea, ana ukuta. Halafu kuna lami yenyewe, lami ya watu wote: imemwagikiwa mafuta ya mabasi, ina mistari ya rangi inayoteleza, ina mifuniko ya mashimo ya maji ambayo lazima ifungwe barabara ili isinyanyuliwe na upepo unaovutwa chini ya gari. Las Vegas walilisahau hilo kwenye wikendi yao ya Formula 1, Novemba 2023. Dakika chache tu baada ya mazoezi ya kwanza kuanza, mfuniko wa valvu ya maji uliachia na kulipasua gari la Carlos Sainz wa Ferrari kwa chini. Mji tajiri kuliko wote kwa starehe uliangushwa na kipande cha chuma cha idara ya maji.

Barabara ya mbio za mjini ni ya watu wa kila siku kwanza, ndiyo maana shabiki anayefika Durban leo hupata mengi ya kufikiri akiiacha bahari mgongoni na kutembea kama kilomita tatu kuelekea bara, mpaka Warwick Junction.

Msomaji wa Dar es Salaam afikirie Kariakoo iliyobandikwa juu ya stesheni ya reli na vituo vya daladala kwa pamoja. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, watu wapatao 460,000 hupita Warwick kwa siku, na wachuuzi ni maelfu kadhaa. Kuna soko la alfajiri la mboga na matunda, lililoanza 1910. Kuna wanawake wanaochemsha vichwa vya ng'ombe na kuuza nyama yake kwa ujeqe, mkate unaoivishwa kwa mvuke. Kuna soko la shanga, na madaraja ya waendao kwa miguu yaliyojaa bidhaa kila upande.

Na kuna magari. Daladala za Durban, ambazo wenyeji huziita teksi, zina sifa nchi nzima kwa michoro ya pembeni na muziki wa kutikisa vioo. Muziki wa gqom ulisambaa mjini humo kwa kupigwa ndani yake kabla redio hazijautambua. Nyingi ni Toyota za aina ya HiAce, na hazitoki mbali: kiwanda cha Toyota kipo Prospecton, kusini mwa mji huohuo, kiwanda kilichofunikwa na mafuriko ya Aprili 2022 na kusimama kwa miezi. Miaka ya 1980 abiria wa Afrika Kusini waliipachika HiAce jina la Zola Budd, mwanariadha wao aliyekuwa akikimbia pekupeku. Nchi inayozipa daladala zake majina ya wakimbiaji haihitaji kufundishwa kupenda mwendo.

Lakini kitu kinachomsimamisha shabiki zaidi ni soko la dawa za asili. Limekaa juu ya barabara ya juu. Watawala wa enzi ya ubaguzi walianza kuijenga kama kipande cha barabara kuu ya magari ya kasi, wakaiacha bila kuimaliza. Magari hayakufika. Miaka ya 1990 manispaa iliwawekea waganga na wauza mizizi vibanda humo, na daraja la miguu likaunganisha soko na stesheni. Kule ufukweni barabara ya kila siku ilifanywa uwanja wa maonyesho kwa siku tatu. Huku, barabara iliyojengwa kwa ajili ya mwendo ikawa mahali pa kuketi na kupanga magome, na imedumu hivyo karibu miaka thelathini.

Mwaka 2009 hatima za pande mbili hizi zilikaribiana. Mashindano ya Afrika Kusini ya A1 Grand Prix yalikuwa yamehamia Kyalami, jirani na Johannesburg. Miezi michache baadaye kampuni iliyoyaendesha kutoka Uingereza ilifilisika, magari yakazuiliwa, na msimu mpya uliopaswa kuanza Australia mwezi Oktoba haukuanza. Mwaka huohuo manispaa ya eThekwini, ikijiandaa kwa Kombe la Dunia la 2010, ilitangaza kulibomoa soko la alfajiri na kujenga jumba la maduka. Wachuuzi walikataa. Walikabiliana na polisi, wakaenda mahakamani wakisaidiwa na mawakili wa Legal Resources Centre, na shirika la Asiye eTafuleni likasimama nao. Mwaka 2011 baraza la mji lilifuta uamuzi wake. Soko lile lingali linauza nyanya.

Hapo ndipo furaha ya shabiki inapoingiwa na swali: barabara ni ya nani? Wikendi ya mbio mjini ni mkopo: watu huazima barabara kwa wenyewe kwa siku chache. Wenyewe ni abiria, wachuuzi na madereva wa teksi, na mara nyingi hao ndio wasioulizwa. Mkopo ukilipwa vizuri hakuna ubaya. Cape Town ilifunga barabara zake Februari 2023 kwa magari ya umeme ya Formula E, António Félix da Costa akashinda, na mji ukaendelea na maisha. Hatari huanza pale sherehe ya siku tatu inapotumiwa kama sababu ya kuwaondoa watu moja kwa moja.

Mtu wa Afrika Mashariki ana kipimo kingine. Safari Rally, tangu 1953, iliwafuata watu walipo, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mtazamaji hakuhitaji zaidi ya kusimama kando ya vumbi. Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, alishangiliwa na wengi ambao hawajawahi kushika tiketi.

Swali hilo la barabara ni ya nani si la zamani. Formula 1 haijarudi Afrika tangu Alain Prost aliposhinda Kyalami Machi 1993. Rwanda ilitangaza rasmi nia yake ya kuandaa mbio hizo Desemba 2024, Rais Paul Kagame akizungumza Kigali mbele ya vigogo wa mchezo huo. Juni 2025 Kyalami nayo ikapata idhini ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kwa mpango wa kuukarabati uwanja ufikie daraja la kwanza, linalohitajika kwa Formula 1. Kutoka Durban hadi Kyalami ni karibu kilomita 600, sehemu kubwa kwa barabara ya N3, na mbio zikirudi huko, shabiki wa Durban atalazimika kulipia mafuta, malazi na tiketi ya bei ya Ulaya. Hata hivyo, akitakiwa kupiga kura kati ya Kyalami na kuzirudisha mbio ufukweni kwake, ana sababu ya kuichagua Kyalami: ule ni uwanja wa mbio tangu 1961, una uzio wake, na hakuna muuza nyanya atakayeambiwa apishe.