Isome Nyumba Kabla ya Kuivunja

Huku Nachingwea na Ruangwa nyumba nyingi huvunjwa na korosho. Minada inaanza Oktoba, malipo yanaingia, na wiki haijaisha ukuta wa udongo uko chini. Ubaya ni mwezi wenyewe. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo shimo la msingi linajaa maji na familia inabanana jikoni.

Mimi humwambia mteja avunje Juni. Fedha ya korosho inunue kwanza mabati, nondo na misumari. Saruji isubiri, kiwanda cha Dangote kiko Mtwara tangu 2015, haitoki mbali. Mfuko ukikaa miezi mitatu kwenye unyevu hupungua nguvu, na ukishafanya mabonge usiutie kwenye zege.

Miezi ya kungoja ina kazi yake. Zunguka nyumba ya zamani Machi, mvua ikiwa bado inanyesha. Imekaa pale miaka mingi, inakifahamu kiwanja kuliko fundi. Ukuta ulioliwa chini unakwambia maji ya paa yanaurukia, hivyo nyumba mpya inataka msingi ulioinuka na upenu mpana. Ufa unaopanda kutoka chini pembeni mara nyingi ni ardhi iliyotitia. Njia za udongo za mchwa zinaonyesha alikopandia.

Kisha waulize wazee: choo cha zamani kilikuwa wapi? Hili ndilo swali ninalolithamini kuliko yote. Shimo lililofukiwa huendelea kushuka kwa miaka, na msingi ukipita juu yake ukuta hupasuka hapohapo. Ama uchimbe hadi ardhi ngumu na kujaza mawe, ama usogeze nyumba.

Kabla ya kugusa bati, waite majirani na viongozi wa kijiji waone mipaka, maana mara nyingi nyumba yenyewe ndiyo alama, na ikitoweka ugomvi huanza. Mjini, kibali cha halmashauri kitangulie.

Kuvunja huanzia juu: mabati, papi, kenchi, milango, halafu kuta. Anayechimba ukuta chini ili uanguke wenyewe hajui utamwangukia nani. Mbao za mninga au mkongo zikiwa nzima, zitunze. Bati lenye matundu litafunika matofali.

Udongo wa ukuta ndio mtego. Wengi huutupa ndani ya msingi kama kifusi, pamoja na fito na nyasi. Fito ni chakula cha mchwa. Zikioza zinaacha uwazi na sakafu inazama. Zitoe zote, kisha shindilia kifusi tabaka kwa tabaka, lisizidi sentimita 15.

Na jiko la nje usiliguse mpaka nyumba mpya iwe imeezekwa. Fundi akichelewa, na atachelewa, ndiko mtakakolala.