Fahamu: Wasomaji walivyomjua mama yake Jon Snow mapema

Riwaya ya George R. R. Martin, A Game of Thrones, ilitoka mwaka 1996. Ndani yake Ned Stark anamlea Jon Snow kama mwanawe wa nje ya ndoa, huku jina la mama likifichwa. Wasomaji hawakuridhika. Waliokota dokezo mojamoja: Lyanna, dada yake Ned, anakata roho kwenye kitanda cha damu akimsihi kaka yake amwahidi jambo, na chumba kinanukia waridi. Katika kitabu cha pili cha mfululizo huo, binti mfalme Daenerys anaona katika maono ua la buluu likichipua kwenye ufa wa ukuta wa barafu. Waridi za buluu ndizo mwanamfalme Rhaegar alizomtunuku Lyanna; na Jon analinda Ukuta wa barafu. Unganisha, utawapata wazazi wote wawili.

Hiyo ndiyo nadharia ya mashabiki iliyo bora: haibahatishi, inasoma. Tamthilia ya televisheni iliyotokana na vitabu hivyo iliithibitisha mwaka 2016 na 2017, takriban miaka ishirini baada ya wasomaji kuifumbua. Vitabuni, hadi kile cha tano cha 2011, Martin hajalitaja waziwazi jina la mama huyo.