Mkorogo na Uchungu wa Kujichukia



Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi huliona kuwa upuuzi wa wasichana, lakini sisi wauguzi twaliona likileta vidonda, shinikizo la damu na machozi. Nalo ni mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu na sabuni, na pengine hata dawa ya kufulia nguo, unaopakwa ili ngozi iwe nyeupe.

Wakati fulani tulimpokea mama aliyehitaji kupasuliwa ili ajifungue. Daktari alipomshona, ngozi ilichanika chini ya uzi kama karatasi iliyolowa, na kidonda kilichukua majuma mengi kupona. Siku moja tukimsafisha, mmoja wetu alimkaripia: "Rangi aliyokupa Mungu ilikukosea nini?" Mama yule hakujibu, akageukia ukutani. Usiku ndipo alipomwambia nesi wa zamu kwamba nyumbani kwao aliitwa Masizi tangu utotoni, na kwamba wageni walimbeba mdogo wake aliyezaliwa mweupe, yeye wakampita. Baada ya uzazi wa kwanza alitokwa na madoa usoni, mumewe akacheka. Kesho yake akaenda kununua kopo la kwanza.

Tangu hapo twajitahidi kuuliza kabla ya kukaripia. Miaka mingi tulikaripia tu, na faida yake ilikuwa kwamba wagonjwa walituficha makopo.

Rangi yetu nyeusi hutokana na kitu kiitwacho melanini, ambacho hukinga ngozi na ukali wa jua. Ndugu zetu wenye ualbino hupata saratani ya ngozi kwa urahisi kwa sababu wana kinga hiyo kidogo sana au hawana kabisa. Anayejichubua anaiondoa kinga yake mwenyewe. Dawa zinazotumika mara nyingi ni tatu. Haidrokwinoni, ikitumiwa muda mrefu, yaweza kuleta madoa ya rangi ya bluu na nyeusi mashavuni, ambayo ni magumu mno kuondoka. Basi mtu huongeza krimu ili kuyafuta, nayo yakazidi. Steroidi kali, kama klobetasoli, hufanya ngozi iwe nyembamba, hutoa chunusi na michirizi, nazo zikiingia mwilini zaweza kupandisha sukari na shinikizo la damu. Ya tatu ni zebaki, ambayo huharibu figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto aliye tumboni. Hata taulo la mama laweza kuipeleka kwa watoto wa nyumba hiyo. Nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikome ifikapo mwaka 2025. Lakini vinauzwa bado, na mara nyingi kopo halisemi kilichomo.

Haya twayaeleza kliniki kila mara. Hata hivyo, mtu aweza kuyajua yote na bado akapaka, kwa maana hapaki kwa kukosa elimu. Anapaka mahali panapouma.

Na mahali hapo mara nyingi ni sisi tunaopaumiza. Katika wodi ya wazazi twawaona shangazi na bibi wakimgeuza mtoto wa siku moja, wakimtazama masikio ili wajue atakuwa na rangi gani! Huwa tunacheka nao, lakini si jambo la kuchekesha sana. Mtoto anayesikia kila siku kwamba dada yake ni mzuri "kwa sababu ametoka mweupe" hahitaji kutukanwa ili ajue nafasi yake.

Anayejichukia hasaidiwi na kuambiwa, "Acha hayo, mshukuru Mungu." Maneno hayo humfanya aone aibu mara mbili, kwanza ya sura yake, kisha ya kukosa shukrani. Yafaa aulizwe jambo hili lilianza lini, na nani alisema nini, kisha aachwe aseme mpaka mwisho. Aweza kugundua kwamba anachokiita ubaya wa uso ni hasira juu ya mume, au huzuni ya kupitwa na wageni wale. Hasira na huzuni zina watu wa kuzungumza nao, lakini uso hauna la kujibu. Tena asingoje ngozi ipone ndipo arudi kwaya au jumuiya. Kujificha ndani huzidisha uchungu.

Ikiwa majuma mawili yamepita naye halali, hali, hatoki nje, au anasema afadhali afe, mleteni hospitali. Sala iendelee, na matibabu yaendelee pamoja nayo. Msiogope kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani, ila humpa nafasi ya kusema.

Neno moja kwa anayetaka kuacha. Ukiwa umepaka steroidi kali mwili mzima kwa miezi mingi, usiache ghafla nyumbani. Uso waweza kuwaka na kutoa vipele, na mwili, uliozoea kupewa dawa, waweza kulegea, ukatapika na kuzimia. Njoo tukupangie namna ya kupunguza. Ukiwa mjamzito usingoje siku ya kliniki. Na ukitakiwa kupasuliwa, mwambie daktari mapema kwamba umekuwa ukipaka. Njoo na makopo yote, hata lile lililobanduka karatasi, na lile ulilopimiwa sokoni bila jina.